Nyumba Ina Wenyewe

Nyumba tuliyonunua Mbagala Kuu ilikuwa na sifa mbaya kabla hatujaingiza hata kapeti. Lilikuwa pagale: kuta za tofali za inchi sita, lenta imefungwa, kenchi na bati viko juu, lakini ndani hakuna plasta, hakuna dari, na sakafu ni jamvi tupu lenye nyufa. Lilikaa hivyo miaka bila mtu, popo na vijana wavuta bangi wakipokezana. Dalali alitutajia bei iliyokuwa chini ya ile ya kiwanja kitupu cha pembeni yake. Tulipouliza sababu, akasema mwenyewe amehamia mkoani na ana haraka ya hela.

Na sisi tulikuwa na haraka. Temeke Mikoroshini tulipanga chumba na sebule, choo cha kugombania asubuhi, na kodi ya miezi sita kila ikifika inatukuta tumekauka. Tukauziana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukapiga plasta, tukafunga dari la jipsamu, tukavuta umeme. Novemba 2012, vuli ndiyo inaanza na maembe yanaanza kuiva, tukahamia.

Mama muuza genge pale kona aliponiona nanunua nyanya akaniuliza, "Ndiyo nyie mmeingia nyumba ile?" Nikamjibu ndiyo. Akaniongezea nyanya mbili za bure. "Haya mdogo wangu, Mungu awatangulie. Ile nyumba haikaliki."

Mume wangu anatengeneza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na tangu ujana wake hana burudani inayozidi sinema za kutisha. Alikulia zama zile Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta, kanda zikipigiwa foleni kwenye maktaba za mtaani, na watoto wa Temeke wakiogopa kwenda chooni peke yao wiki nzima. Basi wiki ile ile ya kuhamia akaja na sinema ya Kimarekani kwenye flashi, Paranormal Activity. Ni kijana na mwenzake wanaoishi kwenye nyumba yao mpya mji wa San Diego. Usiku wanasikia vishindo, mwanaume ananunua kamera, anaitega chumbani iwachukue wakiwa usingizini. Mtengenezaji wake, Oren Peli, aliipiga mwaka 2006 ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa takriban dola 15,000 tu, na ilipofika kwenye majumba ya sinema mwaka 2009 ikaingiza mamilioni kwa mamilioni. Humo hamna zimwi la kuonekana. Kinachokutoa jasho ni mlango wa chumbani, ambao usiku wa manane unasogea kidogo, unasimama, kisha unasogea tena.

Tulimaliza kuiangalia, tukazima taa. Sijui ilikuwa saa ngapi, ila mlango wetu nao ukafunguka.

Ulifunguka polepole, kwa mlio wa bawaba, mpaka ukagusa ukuta. Mume wangu akaamka, akaufunga, akarudi kulala. Ukafunguka tena. Hapo tukawasha taa na hatukuizima hadi alfajiri.

Kuanzia siku ile kila usiku ulikuja na lake. Mchana bati lilichemka, usiku mvua ya vuli ikinyesha ghafla kule juu kukalipuka: ta! ta-ta! Kana kwamba mtu anavunja mbao. Umeme wa LUKU ukawa unaisha kabla ya wakati, na majirani wakaniambia hiyo ni chuma ulete, wala nisiongeze tena uniti mpaka nyumba izindikwe. (Hilo la umeme fundi alilimaliza kwa dakika chache: pampu ya kisima ilikuwa haijizimi.) Kisha kikaanza kilio. Mtoto mchanga, analia juu ya bati, kilio cha kukatakata, kinapanda, kinashuka, kinanyamaza ukidhani kimekwisha, kinaanzia upande wa pili wa nyumba. Nilikuwa na mimba changa wakati huo. Sitaki kusema zaidi ya hapo kuhusu nilivyojisikia.

Lakini kilichonivunja kabisa ni mikono. Asubuhi moja nilikuwa nafuta madoa ya mvua kwenye ukuta wa nje wa jikoni, tulioupaka rangi nyeupe. Juu ya dirisha, mahali pasipofikika bila ngazi, nikaona viganja. Vidogo, chini ya vile vya mtoto anayejifunza kukaa, vidole vitano vimetanuka, na rangi yake ni manjano iliyopauka. Vilipanda ukutani kuelekea kwenye bati, kimoja kulia, kimoja kushoto, kulia, kushoto. Nikasogeza pua. Ilikuwa harufu kali, inayochoma kama ya mkojo uliolala. Nikaacha ndoo palepale.

Mama mkwe akapigiwa simu. Yeye ni mtu wa Wete, Pemba, mwanamke mwenye adabu ya zamani na asiyependa kupandisha sauti. Alikuja na udi, ubani na chupa ya maji yaliyosomewa. Jioni ya kwanza akafukiza vyumba vyote, akasoma, tukaitikia amina. Usiku tukiwa sebuleni tukasikia kucha zinapita juu ya bati, kr, kr, kr, halafu ile harufu ikaingia dirishani. Mama mkwe akaweka tasbihi yake chini. Uso ulikuwa umembadilika.

"Mwanangu," akaniambia mimi, si mwanawe, "hichi kitu nakijua. Kucha juu ya paa, na harufu hii. Hii Popobawa."

Ambaye hakuishi Visiwani mwaka 1995 anaweza kulichukulia jina hilo kijuujuu. Mama mkwe hawezi. Hofu ya Popobawa ilianza Pemba wakati wa Ramadhani ya mwaka ule, mwezi Februari, ikavuka Unguja, kisha ikafika huku Dar es Salaam. Watu walisema linakuja usiku, linaingia ndani, linawakandamiza na kuwadhalilisha watu vitandani mwao. Basi nyumba zikawa mahali pa hatari, na nje ndiyo pakawa salama. Familia nzima zilitandika mikeka uani, moto umewashwa katikati, wazee na watoto pamoja. Mwaka 2007 hofu ile ilirudi tena Dar, na wapo watu wa Temeke wanaoukumbuka vizuri usingizi wa barazani.

Kuna jambo moja la 1995 ambalo mama mkwe hulitaja kwa shida. Mjini Unguja umati ulimkamata mtu mgonjwa wa akili, aliyekuwa amekuja kutafuta matibabu, wakasema ndiye Popobawa, wakamuua. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyeandika kwa kina juu ya hofu ile, amekieleza kifo hicho. Mimi nilikuwa sijawahi kukisikia mpaka mama mkwe alipokitaja usiku ule, na nilidhani anakitaja ili kutuonyesha ukubwa wa Popobawa. Baadaye nikaelewa.

Tukatoka nje. Tulitandika mikeka chini ya mwembe mkubwa wa uani, mume wangu akafunga chandarua kwenye tawi, mama mkwe akawasha jiko la mkaa. Jirani wa kushoto alipotuona akaja na wanawe. Usiku uliofuata wakaja wengine. Sikatai majini, Qur'ani imewataja na mimi ni Muislamu. Ila niliona jinsi habari inavyonenepa ikipita mdomo hadi mdomo: mlango wangu uliofunguka ukawa mlango uliong'olewa, kilio kikawa watoto watatu, na viganja vikawa vya damu. Halafu swali likageuka. Haikuwa tena nini kinatusumbua. Ikawa nani.

Na jibu lilikuwepo tayari. Mtaa wa pili aliishi mzee wa Kizaramo, mwenyeji wa pale tangu Mbagala ikiwa mashamba ya mikorosho na minazi, mzee sana, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kijana mmoja akasema ameshamuona zaidi ya mara moja akipita gizani kuelekea kwetu. Mwingine akasema mzee yule hata mauzo ya nyumba hii hakuyapenda. Wakakubaliana kulinda. Walikuja na mapanga na marungu, wakasema ni kwa ajili yetu.

Kuelekea alfajiri ya Ijumaa nikaguswa bega. Kulikuwa na mtu uani. Alikuwa na kanzu nyeupe, ameinama upande ule wa mwembe tusiolala, na mkono wake ulikuwa unakwenda na kurudi chini, unakwenda na kurudi. Vijana walikuwa wameshasimama. Niliona panga limeinuliwa usawa wa bega. Mmoja alianza, "Mcha—" na neno hilo lingetimia, mtaa mzima ungetoka, na hakuna ambaye angeuzuia.

Mama mkwe alipita katikati yao akiwa na khanga moja tu kifuani na nyingine kichwani. Akasimama karibu na yule mtu kuliko mtu yeyote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumsalimia mgeni mlangoni:

"Assalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam warahmatullah," ikajibu sauti ya uzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

Panga likashuka. Mama mkwe akawageukia vijana. "Huyu anajibu salamu. Mnataka nini kingine? Nimeona mtu akiuawa kwa jambo hili hili, na aliyeuawa hakuwa lolote ila mgonjwa. Wekeni hivyo chini." Wakaweka.

Mzee alikuwa na ufagio wa chelewa mkononi. Pale alipokuwa akifagia palikuwa na mawe yaliyozama nusu kwenye mchanga, na kipande cha sahani ya kauri yenye maua ya buluu, kingo zake zimekatika. Nilikuwa nimeyaona mawe yale kila siku nikianika nguo na sikuwaza kitu. "Hapa amelala mama yangu," akasema. Shamba lote lilikuwa la baba yake. Ndugu waliuza vipande, kipande baada ya kipande, na cha mwisho kikaangukia mkononi mwa yule aliyeanza kujenga pagale, aliyemwaga kifusi uani ili kusawazisha kiwanja. Makaburi mengine yalikuwa upande wa barabara na hayajulikani tena. Hili moja mzee alilifukua kwa mikono, akawa analifagia kila Ijumaa kabla ya sala. Nyumba ilipokuwa tupu hakusumbua mtu. Tulipohamia akaona haya kubisha hodi na kuwaambia bibi na bwana wapya kuwa uani kwao kuna marehemu. "Nikasema watakuja kunihisi vibaya," akasema, "au wataogopa wahame, na nyumba ilale tena. Bora nije kwa giza niondoke."

Nimemfikiria mzee yule miaka yote hii. Alikuja gizani ili asitutishe, na giza lile lile ndilo lililokaribia kumuua. Hakuwa na njia ya tatu, kwa sababu hakuna aliyetuambia na hakuna mwenyeji tuliyemuuliza. Dalali alijua. Nina uhakika alijua.

Kulipopambazuka mambo mengine yalifunguka moja baada ya jingine. Kwanza kilio: kilisikika palepale mwembeni tukiwa tumekaa na mzee tunakunywa chai, na yeye hakuinua hata kichwa. "Komba hao," akasema. "Maembe yameiva." Mume wangu akapiga tochi ya simu kwenye majani yaliyokuwa bado na kiza. Macho mawili makubwa yakang'aa mekundu, yakazimika, yakawaka tawi la pili. Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba fulani amelewa kama komba, na sikuwahi kumwona komba mwenyewe. Ana mikono yenye vidole vitano kama mtoto, na ana desturi ya kulowesha viganja na nyayo kwa mkojo wake akitembea, ndiyo maana anapopita ukutani anaacha alama na harufu. Alikuwa akitoka mwembeni, anapanda ukuta wa jikoni, anavuka bati kwa kucha zake hadi mkorosho wa jirani. Hiyo ndiyo njia yake ya zamani. Mikorosho ilikatwa, nyumba ikawekwa katikati, naye anapita juu yake.

Mlango ulichukua muda zaidi. Mume wangu, kwa kuiga ile sinema, alikuwa ameshatega simu moja ya dukani juu ya kabati ikirekodi usiku kucha. Tulikuwa tumeiangalia na kutishika zaidi, maana mlango ulionekana kweli ukisogea peke yake. Fundi ujenzi tuliyemleta, mtu mzima wa Charambe asiyependa maneno mengi, aliiangalia mara moja akasema, "Angalieni pazia." Pazia lilitangulia kutikisika. Upepo uliingia kwanza, mlango ukafuata.

Kisha akaweka pimamaji kwenye fremu, na kile kipovu kikakimbilia pembeni. Akaning'iniza timazi kutoka juu ya fremu: uzi ukaachana na mbao, na chini nafasi ikawa ya vidole viwili. Fremu ilikuwa imelala, kwa hiyo mlango ulijiendea kwa uzito wake, na ulimi wa kitasa haukufika kwenye tundu lake. Akapitisha kucha kwenye plasta yetu mpya juu ya mlango, akapata mstari mwembamba, akaugonga kwa nyundo ndogo. Plasta ikadondoka. Nyuma yake kulikuwa na ufa wa zamani, umekata tofali kwa mshazari kutoka kona ya mlango hadi kwenye lenta.

"Nyumba hii ilikuwepo wakati wa mabomu?" akauliza.

Ilikuwepo. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Mbagala Kizuiani lililipuka. Watu zaidi ya 20 walifariki, maelfu ya nyumba za maeneo yale zikaharibika, nyingine zikiporomoka, nyingine zikibaki wima na nyufa ndani. Halafu Februari 2011 ikatokea tena, safari hii Gongo la Mboto. Mbagala nzima ina nyumba zilizozibwa kwa plasta na kupakwa rangi, na ukipanga au ukinunua huoni kitu. Fundi alituambia ameshaitwa mara nyingi kwenye nyumba zenye "majini" na akakuta ufa wa aina hiyo. Hakulisema kwa kejeli. Alichukua kipande cha kioo, akakibandika kwa saruji kikivuka ufa, akatuambia tukiache masika yote yapite: kioo kikikatika, ukuta bado unatembea na lazima ubomolewe, kikibaki kizima, atang'oa fremu na kuinyoosha. Nilikuwa nakiangalia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. Masika yakapita, kioo kikabaki kizima. Na vishindo vya usiku? Bati lenye joto la mchana, likinyeshewa ghafla, linajikunja na kupiga kelele kwenye misumari yake. Hata leo linapiga.

Mume wangu aliacha sinema za nyumba zenye mizimu kwa muda, kisha akazirudia, na siku hizi tunaziangalia pamoja. Moja anaipenda sana, Poltergeist ya mwaka 1982. Familia inaishi kwenye mtaa mpya mzuri, mambo yanaharibika, na mwisho inajulikana kwamba kampuni iliyojenga iliyahamisha mawe ya makaburi tu na kuwaacha maiti palepale chini ya nyumba. Wenzetu waliibuni kwa ajili ya sinema. Kwenye pembezoni za Dar, kuanzia Mbagala na Chamazi mpaka Bunju na Boko, ndivyo ardhi inavyouzwa: shamba la ukoo linakatwa viwanja, makaburi yanabaki ndani ya kipande cha mtu, kifusi kinamwagwa. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, lakini hiyo hutumika zaidi serikali inapotwaa ardhi kwa shughuli za umma. Kiwanja cha dalali kina karatasi ya mauziano, mashahidi na mipaka kwa hatua za miguu. Kwenye ile yetu marehemu hakuandikwa, na mzee hakuitwa kuwa shahidi ingawa alikuwa ndiye anayeijua mipaka kuliko wote.

Tulimfungulia mzee geti dogo la uani, akapewa ufunguo. Akawa anakuja mchana, na wajukuu. Binti yetu alipozaliwa alikuja na kuku. Vijana wale wa mapanga wawili walimwomba radhi. Wa tatu anampita tu barabarani, na mzee humsalimia yeye kwanza.

Komba tumewaacha. Mama mkwe kila akija anataka mwembe ukatwe tawi linalogusa bati, na kila akiondoka tawi liko palepale.

Mwaka juzi tuliongeza chumba cha watoto upande wa uani. Fundi alipochora msingi kwa kamba na vigingi, kamba ilipita juu ya mawe ya kaburi. Mume wangu akamwambia asogeze. Fundi akamweleza kwamba kusogeza kutaukata ukuta kwenye kona mbaya, kutaongeza nondo na mifuko ya saruji, na chumba kitakuwa finyu. Mume wangu akasema asogeze tu, akaenda kuongeza saruji. Chumba kimekuwa finyu kweli. Vitanda viwili havikuingia, ikabidi tununue dabo deka, na kila jioni kuna ugomvi wa nani analala juu.